Siku saba za kukagua utalii wa bangi: Amsterdam, Maastricht mpaka Aachen

Kabla ya kuondoka

Wadau, naandika siku kwa siku kama nilivyoahidi. Kundi letu la likizo ya Desemba lina watu saba na kila mtu ana lake, mmoja anataka bahari, mwingine anataka baridi ya kweli yenye makoti, na wanne kati yetu wanataka sehemu ambayo mtu mzima anaweza kuvuta msokoto wake bila kugeukageuka kuangalia nani anakuja. Mi mwenyewe sivuti, ila kazi ya kupanga ndo nimebebeshwa mimi, na binamu yangu anavuta, kwahiyo Septemba hii tukatangulia wawili kwenda kukagua kwa macho kabla hela za watu hazijalipwa.

Mwanzo tulikuwa tunaenda Thailand. Tarehe 9 Juni 2022 Thailand iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya, nchi ya kwanza Asia kufanya hivyo, na maduka yakaota Bangkok, Phuket na Chiang Mai kama uyoga, yani ukifungua simu tu unaona jani la kijani kwenye kioo cha duka. Tukakata tiketi. Mwishoni mwa Juni 2025 serikali ya kule ikageuza, maua ya bangi sasa yanauzwa kwa cheti cha daktari, miaka mitatu na siku chache toka walipofungua. Kubadilisha tiketi kulitugharimu hela ambayo mpaka leo nikiikumbuka roho inauma, na hapo ndo nilipoanza kuuliza swali ambalo nimetembea nalo safari nzima, kwamba kujua bangi ni halali nchi gani haitoshi, jua sheria ya pale inamsemaje mgeni, na imekaa miaka mingapi bila kuguswa.

Siku ya 1

Tumefika Schiphol asubuhi, treni mpaka stesheni kuu ya Amsterdam ni robo saa hivi, unagusisha kadi ya benki getini unapita, ukitoka nje tu ni tramu, baiskeli, maji, watu, na harufu. Harufu ya bangi ipo kweli ila sio kila mahali kama watu wanavyosimulia, inakuja na upepo inapita, ukivuka madaraja mawili umeisahau.

Chumba tumepanga kwa mama mmoja mtu mzima kwenye mfereji unaoitwa Lijnbaansgracht. Nikamuuliza hilo jina maana yake nini, akafurahi kuulizwa, akasema lijnbaan ni uwanja wa kusokotea kamba, zamani kamba ndefu za meli zilikuwa zinasokotwa huku pembeni ya mji, na nyuzi zake zilikuwa za mbangi, ule wa nyuzi, sio huu wa kulewesha. Matanga ya meli nayo yalishonwa kwa kitambaa cha mmea huohuo. Nikaangalia maji ya ule mfereji upya kabisa. Mi nilikuja nikidhani bangi na mji huu walikutana juzi juzi kwenye miaka ya mahipi, kumbe wamejuana kabla hata ya mababu.

Alafu akatupa masharti yake, chumbani hakuna kuvuta chochote, sigara wala bangi, na ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, mtu akiwa amelewa asizipande, akae chini sebuleni anywe maji kwanza. Kweli zile ngazi ukizipanda unashika kwa mikono kama unapanda mti. Pia kwenye bei ya chumba kuna kodi ya watalii, asilimia 12.5 tangu 2024, kwahiyo mnapopiga hesabu msiangalie ile bei ya mwanzo mnayoonyeshwa.

Siku ya 2

Leo ndo kofishopu. Tuelewane na jina kwanza, kofishopu Uholanzi ni duka la bangi, ukitaka kahawa ya kawaida nenda café.

Mlangoni kuna kijana kakaa kwenye kiti kirefu, pasipoti, anaangalia tarehe ya kuzaliwa, anarudisha. Chini ya miaka 18 hupiti, hata kusimama ndani kumsubiri mwenzio huruhusiwi. Nilitegemea giza na muziki wa kupasua masikio, nikakuta sehemu kama mgahawa wa chuo, mwanga wa kutosha, mtu anaandika kwenye laptopu, wazee wawili wanacheza chesi kimya kimya. Pombe hakuna kabisa, ni marufuku kofishopu kuuza pombe.

Menyu ina pande mbili, maua upande mmoja na hashishi, yani utomvu wa bangi uliogandamizwa, upande wa pili, hashishi nyingi imeandikwa ya Moroko. Muuzaji alikuwa dada mwenye miwani. Binamu akaanza kumtajia majina aliyoyasikia kwa watu, yule dada akamwacha amalize, alafu akamuuliza maswali matatu tu, leo umekula? mara ya mwisho umevuta lini? unavuta na tumbaku au bila? Baada ya majibu akaweka kidole juu ya ile aina kali kuliko zote akasema hii leo hapana. Akafungua kopo, ikatoka harufu kali kama ganda la limao lililodondokea mafuta ya taa, akachukua ua moja kwa koleo dogo akaliweka kwenye mzani, 0.8, akaongeza kipande kama punje ya mchele, 0.9, akaongeza kingine, 1.02, akaugeuza mzani upande wetu tusome wenyewe, ndo akafunga kwenye kifuko. Euro 12. Nimenunua nyama buchani maisha yangu yote sijawahi kugeuziwa mzani kwa heshima ile.

Sasa sheria zenyewe, maana hapa ndo wengi tunakosea. Kila mtu mwisho gramu 5 kwa siku, duka lenyewe halitakiwi kuwa na zaidi ya gramu 500 ndani, halitangazi, haliuzi dawa nzito, halileti kero kwa majirani, ukivunja moja unafungiwa. Na pamoja na yote hayo bangi Uholanzi SIO HALALI. Mwaka 1976 walibadilisha sheria yao wakatenganisha dawa nyepesi na dawa nzito, na tangu hapo kuuza na kuwa na kidogo ni kosa ambalo serikali imeamua kutolishtaki mradi masharti yamefuatwa. Wana neno lao kwa hali hiyo, gedogen, yani kuvumilia. Nimelishika sana hilo neno, maana kitu kinachovumiliwa kinaweza kuacha kuvumiliwa hata kesho asubuhi. Mellow Yellow, kofishopu ya kwanza kabisa ya mji huu, ilianza 1972, ikafungwa mwanzoni mwa 2017 kwasababu ilikuwa karibu mno na chuo cha ususi. Zilizobaki Amsterdam ni zaidi ya 160 ila zamani zilikuwa nyingi zaidi ya hapo.

Tumbaku nayo ni habari yake, tangu Julai 2008 hairuhusiwi kuvutwa ndani ya migahawa na baa, kofishopu zikiwemo, kwahiyo binamu aliyezoea kuchanganya ikabidi avute tupu. Akavuta mara tatu akaweka chini. Dakika kumi za kwanza kicheko, anaeleza jinsi taa ya dari ilivyotengenezwa, alafu rangi ikamtoka usoni, jasho kwenye paji la uso, mikono ya baridi, ananishika ananiambia "binamu usiondoke". Yule dada wa kaunta alishaona kabla yangu, akaja na juisi ya machungwa na vipande viwili vya sukari, akamwambia hii inapita, kaa chini, pumua, hakuna mtu amewahi kufa kwa hii. Tulikaa saa nzima na nusu nimemshika mkono. Kwa wale wanne wetu, hilo ndo la kuandika mahali, kinachouzwa hapa kina nguvu kuliko mlichozoea na hakuna wa kumuonyesha kwamba wewe mzoefu.

Keki ya bangi tulikataa. Ukivuta unajua ndani ya dakika chache, ukila inaweza kuchukua nusu saa mpaka saa mbili ndo ianze, na watu wengi wanaongeza kipande cha pili wakati cha kwanza bado kiko njiani.

Siku ya 3

Asubuhi binamu ameamka mzima, ana njaa, tukaenda De Wallen, mji mkongwe, kule kwenye madirisha yenye taa nyekundu. Katikati yake limesimama kanisa, Oude Kerk, jengo kongwe kuliko yote Amsterdam, liliwekwa wakfu 1306, na mita chache tu kutoka ukutani kwake ndo madirisha yanaanza. Makumbusho ya bangi na hashishi nayo iko mtaa wa nyuma tu hapo, ipo tangu 1985, tumeingia, kamba na matanga aliyonisimulia mama mwenye nyumba nimeviona.

Kilichonikaa lakini ni mzee mmoja. Tulikuwa tumesimama kwenye kichochoro tunasoma kibao kinachokataza kuvuta bangi barabarani, hiyo ni amri ya manispaa tangu 25 Mei 2023, ukikamatwa unavuta nje mitaa ya De Wallen faini euro 100. Mzee akatoka na ndoo ya maji na ufagio wa nyasi ngumu, akaanza kusugua ngazi za mlango wake. Vichungi vya misokoto, karatasi, na alama ya mtu aliyetapika. Hakututazama vibaya, ila alivyoona tunasoma kibao akasema kwa sauti ya kuchoka, juu ya mlango huu analala mjukuu wangu ana miaka minne, kila usiku saa nane kuna watu wamekaa hapa kwenye ngazi wanavuta na kuimba, dirisha siwezi kulifungua hata joto likiwa la namna gani. Akanionyesha, dirisha dogo la ghorofa ya kwanza, vibandiko vya samaki kwenye kioo. Nikamuomba binamu tumsaidie, akaenda kuchota ndoo ya pili, tukamwagia maji mpaka chini. Akasema asante mara moja tu akaingia ndani.

Tangu pale nimekuwa naona mji kwa dirisha lile. Meya wao, Femke Halsema, mwaka 2021 alipendekeza watalii wazuiwe kabisa kuingia kofishopu, halijapita mpaka sasa. Mwaka 2023 manispaa ikaanzisha kampeni ya kuwaambia vijana wa kiume wa Uingereza, umri wa miaka 18 mpaka 35, wanaotafuta mji wa kuja kufanya fujo, wabaki kwao. Mji unalipia matangazo ya kuwaambia wageni msije! Kabla ya safari nilisoma hiyo habari nikaona ni ubaguzi wa watalii, leo nimesugua ngazi nimeelewa. Utalii wa aina hii ukikua, faida inaenda kwa mwenye duka na mwenye hoteli, uchafu unabaki kwa mwenye mlango.

Kwahiyo kama tutakuja huku mimi sitakubali tulale katikati ya mji, nawaambia mapema, msinisumbue.

Siku ya 4

Mvua toka alfajiri. Tumeshinda ndani.

Mchana mama mwenye nyumba katupikia supu, nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua toka juzi, duka linauza mbele ya watu, je mzigo wenyewe linautoa wapi kama kulima kwa biashara hakuruhusiwi? Akacheka akasema hilo ndo swali la nchi nzima kwa miaka karibu 50, wanaliita mlango wa nyuma. Mlango wa mbele unavumiliwa, wa nyuma ni uhalifu, yani mzigo unaingia kwa njia za panya na hela inaishia kwa magenge. Sasa wanajaribu kuutibu, kuna manispaa kumi kwenye majaribio, Breda na Tilburg zilitangulia Desemba 2023, na tangu 7 Aprili 2025 kofishopu za manispaa zile zinatakiwa kuuza bangi ya wakulima wenye leseni ya serikali. Amsterdam haimo. Kwahiyo ile gramu ya juzi iliyopimwa kwa heshima vile, ilikotoka hakuna anayeweza kutuambia, na hili limenikosesha raha jioni nzima.

Siku ya 5

Treni kwenda Maastricht, kusini kabisa, saa mbili na nusu hivi. Njiani tukatoa daftari tukapitia nchi moja moja, maana tumegundua kila mtu kwenye kundi anarusha jina la nchi bila kujua lolote.

Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha toka mmea mpaka duka, sheria ya Desemba 2013, famasi zikaanza kuuza 2017, ila ni kwa raia na wakazi waliojiandikisha, mtalii haumo. Malta walitangulia Umoja wa Ulaya 2021, nako ni vyama vya wakazi. Afrika Kusini mahakama ya katiba iliruhusu matumizi ya faragha 2018 na sheria ikasainiwa 2024, ila kuuza hairuhusiwi, kwahiyo mgeni ananunua kwa nani? Jamaika tangu 2015 kuwa na wakia 2, kama gramu 56, ni faini ndogo tu, na mgeni mwenye cheti cha daktari anaweza kuomba kibali, huyo wa bahari alifurahi nilipomtumia hii. Colorado ndo iliyowasha moto wa utalii huu Marekani, maduka yalifunguliwa 1 Januari 2014, ukiwa na miaka 21 na kitambulisho unauziwa hata kama umetoka mwisho wa dunia, lakini ukiingia hifadhi ya taifa umeingia ardhi ya serikali kuu na huko bado ni kosa, na kwenye barabara za mji pia huvuti. Na jambo moja zito la Marekani, mtu asiye raia akikiri kwa afisa uhamiaji kwamba anavuta bangi anaweza kukataliwa kuingia nchini, hata kama anaelekea jimbo linaloruhusu.

Mnaona? Orodha ni ndefu ila ukiondoa zile zisizomtaka mgeni inabaki fupi mno. Watalii tunasoma kichwa cha habari, "nchi fulani yahalalisha bangi", tunapakia begi, kumbe sheria imeandikwa kwa ajili ya mwenyeji.

Na Maastricht ikatuonyesha kwa vitendo. Mji mzuri sana, mto Maas unapita katikati, madaraja ya mawe. Mlangoni kwa kofishopu binamu katoa pasipoti, kijana akaifungua, akaifunga, akasema kwa upole samahani, wakazi wa Uholanzi tu, una karatasi ya manispaa ya kuonyesha unaishi hapa? Hatuna. Basi. Hakuna kubembeleza. Binamu aliumia, akasema nchi moja, sheria moja, juzi tumepokelewa kama wageni wa heshima leo tunarudishwa mlangoni. Nikamwambia, sheria ni ileile, ila kila manispaa inaamua kama itaisimamia hiyo ya wakazi, Amsterdam haiisimamii, huku wanaisimamia.

Sababu wanayo. Maastricht imebanwa kati ya Ubelgiji na Ujerumani, na kesi ya huu mji ilifika mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya. Takwimu zilizowekwa mbele ya majaji ni hizi, kofishopu za Maastricht zilikuwa zinapokea watu 10,000 kwa siku, zaidi ya milioni 3.9 kwa mwaka, na asilimia 70 sio wakazi wa Uholanzi. Mji mdogo huu! Tarehe 16 Desemba 2010 mahakama ikasema mji una haki ya kuwazuia wasio wakazi ili kupambana na utalii wa dawa za kulevya. Nilisimama darajani nikajaribu kuwaza magari ya watu 10,000 yakitafuta pa kupaki kila siku kwenye vichochoro vile, nikashindwa.

Hatujafika mbali, kijana kwenye kona akatunong'oneza, nyie mmekataliwa eh, mi ninayo. Binamu akanitazama. Nikasema hapana, na namshukuru hakubisha hata kidogo, maana huyo wa kona hana mzani wa kukugeuzia wala hana muda wa kukuuliza umekula, na hujui kakuchanganyia nini. Nawaomba kwa dhati yote, popote tutakapoenda, mkikataliwa mlangoni tunarudi kulala.

Siku ya 6

Leo tumevuka kwenda Aachen, Ujerumani, basi namba 350, saa moja hivi. Kabla ya kupanda binamu kageuza mifuko yote, maana hapa kuna mtego unaowanasa wengi, huku wanavumilia na kule wameruhusu, mtu anadhani basi katikati napo ni sawa. Sio sawa. Kuvusha mpaka na bangi ni kusafirisha dawa za kulevya, hata gramu moja, hata kati ya majirani wawili wanaoelewana. Na Ujerumani imerudisha ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Baada ya Vaals, mji wa Uholanzi uliopo mpakani, basi letu lilisimamishwa, polisi wawili wakapanda, vitambulisho, begi moja moja la juu juu, kijana wa kiti cha nyuma wakamshusha. Sijui walikuta nini. Basi likaondoka bila yeye, na mkoba wake mdogo wa kulia chakula ukabaki kwenye kiti mpaka dereva akaja kuuchukua kituo cha mwisho. Siku nzima nimemuwaza.

Aachen yenyewe, kanisa kuu alilozikwa mfalme Karolo Mkuu, dari la dhahabu, hiyo peke yake ilitosha safari. Upande wa bangi, tangu 1 Aprili 2024 mtu mzima Ujerumani anaruhusiwa kuwa na gramu 25 anapotembea, na nyumbani gramu 50 na mimea mitatu. Ila hakuna duka. Kuna vyama vya kulima, mwisho wanachama 500, na kujiunga lazima uwe umeishi Ujerumani angalau miezi sita. Kwahiyo mtalii ana ruhusa ya kubeba ila hana njia halali ya kupata. Na hata mwenye yake, haruhusiwi kuvuta mtaa wa waenda kwa miguu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, wala mbele ya shule na viwanja vya watoto. Binamu akasema nchi hii nimeipenda, wamemfikiria mjukuu wa yule mzee wa Amsterdam. Nilinyamaza, nilikuwa nawaza hilohilo.

Siku ya 7

Tumerudi Amsterdam, kesho ndege. Nimetuma pendekezo kwenye kundi na naliweka hapa pia ili wasiosoma meseji wasome.

Kura yangu ni Vancouver, Kanada. Kanada walihalalisha nchi nzima 17 Oktoba 2018, toka shamba mpaka duka, mlango wa mbele na wa nyuma vyote halali, na sheria inamruhusu mgeni kununua mradi ana umri, jimbo lile ni miaka 19, unaruhusiwa kutembea na gramu 30. Maduka ya serikali yapo, pakiti zimefungwa na nguvu imeandikwa juu. Kuvuta ufukweni na kwenye bustani za mji ni marufuku, kwahiyo lazima tupate malazi yanayoruhusu, hilo nalitafuta mwenyewe. Wa bahari atapata bahari. Wa baridi, milima yenye theluji anaiona akiwa mjini. Na sisi tusiovuta tuna mji mzima wa kutembea, hatutakaa tunawasubiri nyie mlango wa duka.

Amsterdam nimeipenda, msinielewe vibaya, ila sitaki tuwe watu saba wa usiku wa saa nane kwenye ngazi za mtu.

Wanne wetu jambo la mwisho, angalieni ndege inapopita. Singapore inaweza kumshtaki raia wake au mkazi wake kwa kuvuta nje ya nchi, na Korea Kusini pia raia wake, kwahiyo kama kuna mwenzetu ana pasipoti ya hizo nchi aniambie faragha. Na yeyote asirudi na chochote kwenye begi, vijana wengi wamekamatwa viwanja vya ndege vya Uingereza wakitoka Thailand na masanduku ya bangi, wengine waliambiwa tu wabebe wamsaidie mtu.

Sasa hivi ni saa nne usiku, binamu yuko sakafuni, kamwaga begi lote kwenye gazeti, anapitisha kidole kwenye mshono wa kila mfuko. Koti kalikung'uta dirishani mara mbili. Kwenye mfuko wa ndani kabisa katoa kile kifuko cha siku ya 2, kitupu, kimebaki na vumbi la kijani chini. Kakishika mbele ya taa. Kashuka nacho zile ngazi taratibu, mkono mmoja ukutani, nimesikia mfuniko wa pipa la nje ukifunguka na kufungwa, alafu bomba la maji sebuleni, ananawa mikono.